Injini isiyokujua haijui pia kwamba anayetafuta ni mtoto

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina watoto wawili, wa miaka 8 na 13. Wote wanatumia kompyuta moja ya nyumbani kwa kazi za shule, na mkubwa ana simu yake. Nataka niachane na Google, niwawekee injini moja ya utafutaji isiyochukua taarifa zetu, isiyowaonesha uchafu, na ikiwezekana inayopanda miti. Jamaa mmoja amenitumia kiungo cha kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari kama Chrome, anasema kinafanya yote matatu. Nikiweke?
Mama wa wawili

JIBU: Usikiweke, mama. Kama umeshakiweka, kiondoe sasa hivi, halafu uendelee kusoma.

Umeuliza mambo matatu, na kila wiki napokea barua za wazazi walioaminishwa kwamba yote matatu yana dawa moja. Hayana. Linalonikera zaidi ni hili la kuchanganya faragha na ulinzi wa mtoto, kwa sababu mara nyingi viwili hivyo vinavutana.

Chukua DuckDuckGo, injini ya utafutaji iliyoanzishwa mwaka 2008. Sifa yake kubwa ni kwamba haitaki kukujua: haikudai akaunti, wala haikutunzii historia ya ulichotafuta. Ni jambo jema, na nawashauri watu wazima waitumie. Lakini injini isiyokujua wewe haijui pia kwamba aliyeketi mbele ya kompyuta sasa hivi ana miaka 8. Kichujio chake cha maudhui ya ngono huja kikiwa kwenye kiwango cha wastani. Ukikipandisha kiwe kikali, kwa kuwa huna akaunti, chaguo lako linahifadhiwa ndani ya kivinjari chenyewe. Siku vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari, vikifutwa, limepotea, na huyo wa miaka 13 anaweza kukirudisha chini kwa kubofya mara chache tu. Mzazi anabaki anaamini nyumba ina ulinzi kwa sababu nembo ya Google haionekani tena.

Sisemi faragha ya utafutaji ni ya kupuuzwa. Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya Marekani, AOL, ilitoa hadharani rekodi za utafutaji za watumiaji wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Haikuchukua siku nyingi waandishi wa habari wakamtambua mwanamke mmoja kwa kusoma tu alichokuwa akitafuta. Mtoto naye huandika kwenye kisanduku kile maradhi yake, hofu zake, na mambo anayoona aibu kukuuliza wewe. Kwa hiyo una haki ya kutaka yasirundikwe mahali. Ila fahamu injini inakufichia nini. Startpage ya Uholanzi, kwa mfano, inakuletea matokeo ya Google bila kuipa Google anwani ya kifaa chako. Ukishabofya tokeo moja ukaingia kwenye tovuti, kazi ya injini imeisha. Tovuti hiyo na matangazo yake wanakuona kama kawaida. Hapo kinachohusika ni kivinjari. Na tafadhali msinitajie hali fiche ya kivinjari (incognito). Hiyo inafuta historia kwenye kifaa chako, basi. Google ilishtakiwa mwaka 2020 kwa sababu watu walidhani hali hiyo inawaficha, na mwaka 2024 ikakubali kuharibu rekodi nyingi ilizokuwa imekusanya kupitia hapo.

Injini za watoto zipo. Kiddle, ya mwaka 2014, ndiyo inayosambazwa sana, na wengi hudhani ni ya Google kwa sababu ya rangi zake. Si ya Google. Inatumia huduma ya utafutaji ya Google na kuongeza vichujio na uteuzi wake juu yake. Kwa mdogo wako inafaa, mradi anasoma Kiingereza. Akitafuta kwa Kiswahili atapata kidogo, na ubaya wa vichujio vingi ni kwamba vimefundishwa zaidi kwa Kiingereza: neno chafu la Kiswahili linaweza kupenya. Vile vinavyotegemea orodha ya maneno navyo vinaweza kumkatalia mwanafunzi anayetafuta habari za saratani ya matiti.

Kuhusu miti, Ecosia ya Berlin, injini inayotumia mapato yake kupanda miti, ni ya kweli. Ilianza 2009, huchapisha hesabu zake kila mwezi, na mwaka 2018 mwanzilishi wake, Christian Kroll, aliifunga kisheria ili isiweze kuuzwa. Fedha yake inatokana na matangazo yanayobofywa, si na kila neno unaloandika. Ndiyo maana nawasihi wazazi wasiwaambie watoto wabofye matangazo ili miti iote. Mibofyo ya aina hiyo ni udanganyifu kwa mtangazaji, mitandao ya matangazo huichuja na kuitupa, na mtoto amejifunza tabia ileile inayowapeleka watu kwenye mitego. Halafu ili kukuletea matokeo na matangazo, Ecosia hulazimika kuwapa washirika wake, Microsoft na Google, baadhi ya taarifa za utafutaji wako. Itumie wewe kwenye kivinjari chako. Usiichukulie kuwa ngao ya faragha wala ya watoto.

Ulinzi wa watoto uuweke chini ya injini, kwenye DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ingia kwenye mipangilio ya ruta yako, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, uweke DNS ya familia. Ya CleanBrowsing ni 185.228.168.168, inazuia tovuti za ngono na kulazimisha Google, Bing na YouTube zibaki kwenye hali salama. Ya Cloudflare, 1.1.1.3, inazuia tovuti za ngono na zenye programu hasidi. Ruta haiigusi simu inayotumia data yake yenyewe, kwa hiyo kwenye simu ya mkubwa, kama ni Android 9 au zaidi, fungua DNS ya Faragha kwenye mipangilio uandike family-filter-dns.cleanbrowsing.org. Kwenye kompyuta, mdogo awe na akaunti yake isiyo ya msimamizi, na ukurasa wake wa kwanza uwe safe.duckduckgo.com, ambako kichujio kikali hakizimiki. Mkubwa atapata njia ya kuzunguka akitaka. Kwake yeye mazungumzo yako yatafanya kazi ambayo namba hizi haziwezi.

Sasa hicho kiendelezi. Kivinjari kitakuomba ukiruhusu kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Watu hubofya kukubali bila kusoma. Maana yake ni kwamba kinaweza kuona barua pepe unayoandika na ukurasa wa benki uliofungua, mambo ambayo injini ya utafutaji, hata iwe na tamaa kiasi gani, haiyaoni. Wanaotengeneza viendelezi vya namna hii hubadilisha injini yako, hupitisha kila utafutaji kwenye kurasa zao na kulipwa kwa matangazo. Majina wanayovipa ni yaleyale: salama, familia, kijani. Kiendelezi safi cha leo kinaweza pia kuuzwa kesho kwa mtu mwingine, na sasisho likaja lenyewe bila wewe kuulizwa. Kubadilisha injini hakuhitaji kiendelezi chochote. Kila kivinjari kina sehemu hiyo kwenye mipangilio. Na anayekutumia kiungo kwa ujumbe, hata awe ndugu, mara nyingi naye ametumiwa tu.

Kama ulikiweka hata kwa siku moja, ukishakiondoa rudi kwenye mipangilio uangalie injini chaguomsingi na ukurasa wa kwanza, kwani mara nyingi hubaki vimebadilishwa. Kisha tumia kifaa kingine kubadilisha nywila zako, ukianza na ya barua pepe.