Kichwa kinaanzia kisogoni, malaria hakuna: kagua shingo

Mkuu, umeandika kwamba ikifika saa nane mchana kichwa kinaanza kuuma kisogoni na maumivu yanapanda hadi nyuma ya jicho la kulia. Malaria umepima mara mbili, hamna. Miwani umebadilisha, bado. Kutwa upo kwenye laptop. Mimi si daktari, ni fundi cherehani, mwaka wa 14 huu kwenye mashine, lakini hayo malalamiko yalikuwa yangu kabisa.

Sisi kila kitu cha shingoni tunakiita mshipa. Nilipofika kwa dada mmoja mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi na kuchua) nikasema "mshipa umekaza", akaniuliza: upi, wa damu, wa fahamu, au unasema msuli? Sikuwa na jibu.

Basi simama kwenye kioo, geuza uso kushoto. Utaona kamba imetokeza upande wa kulia wa shingo, kutoka karibu na kile kishimo cha chini ya koo hadi kwenye mfupa nyuma ya sikio. Huo ni msuli. Yule dada aliubana kwa vidole viwili kama anayepima unene wa kitambaa, na maumivu nikayasikia kwenye nyusi. Nikadhani ananifanyia kiini macho! Akanieleza kwamba neva, yaani mishipa ya fahamu, za shingo ya juu na zile za uso zinapeleka taarifa sehemu moja chini ya ubongo, kwa hiyo ubongo unakosea anwani. Ndiyo maana nilichuliwa mabega miezi bila nafuu. Ule msuli mpana wa mabegani haukuwa mkosaji peke yake.

Wakosaji wengine wapo chini kabisa ya kisogo, jozi nne za misuli midogo inayoshika fuvu na pingili mbili za juu za shingo. Ukisogeza kidevu mbele huku macho yakitazama kioo cha kompyuta, misuli hiyo inabaki imejikunja saa zote. Kichwa kina kilo 4 hadi 5 hivi. Beba dumu la maji la lita 5 ukiwa umelikumbatia, kisha lishike ukiwa umenyoosha mikono mbele, uone dakika ngapi unafika.

Mimi nilichobadilisha ni meza. Niliweka vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma, ikainama kidogo kuja kwangu, nikaacha kuifuata sindano kwa pua. Wewe inua laptop kwa vitabu mpaka macho yawe usawa wa juu wa kioo, na utafute kibodi ya pembeni. Zoezi ni moja tu nililolishika: kurudisha kidevu nyuma kama mtu anayekwepa harufu, bila kuinamisha kichwa, sekunde 5, mara 10. Linaamsha misuli ya ndani mbele ya shingo, ambayo kwa wengi wetu imelala. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya tatu nikagundua nimemaliza gauni la harusi bila kumeza panadol.

Na tafadhali, kinyozi asikukunje shingo ili "ilie". Najua inavyoburudisha, nilikuwa mteja mzuri wa hiyo huduma. Ila ndani ya pingili za shingo inapita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, na ikichanika inaweza kuleta kiharusi.

Shingo ikikaza pamoja na homa, au maumivu yakianza baada ya ajali, au mkono unaishiwa nguvu, achana na mjadala huu wa mtandaoni uende hospitali leo.

Halafu umetaja ganzi ya mkono kwa kupita tu. Ni vidole vipi? Gumba na cha shahada, au cha pete na kidogo? Pembeni mwa shingo kuna misuli inayoshuka hadi mbavu mbili za juu, na neva za mkono zinapita katikati yake na zinaweza kubanwa hapo, kwa hiyo kabla hujaanza zoezi lolote nijibu hilo, na useme kama usiku inakuamsha.