Re: Nimetoa myuteksi nikaweka rwlock, mbona spidi imeshuka?

Mkuu nimekusoma, mfumo wako wa mafaili wa FUSE (unaoendeshwa nje ya kernel, kiini cha Linux) ulikuwa na myuteksi moja (kufuli la kuingiza mmoja mmoja), ukaweka rwlock (kufuli la kusoma na kuandika) ili wasomaji, yaani nyuzi za programu zinazosoma tu, waingie kwa pamoja, sasa umekuwa mzito kuliko mwanzo. Yashanikuta hayo. Cheki ile fanksheni ya kusoma, mimi yangu ilikuwa inaandika atime (muda faili liliposomwa mwisho) kila faili likisomwa, kwa hiyo kila msomaji anachukua kufuli la kuandika, foleni ile ile ila geti ndo ghali zaidi 😅. Zima atime, au isasishe mara moja moja kama chaguo la relatime la Linux. Na kama kazi ndani ya kufuli ni fupi sana, rudi kwenye myuteksi tu, maana hata wasomaji wa rwlock wanagombania kaunta moja (ya kuhesabu wasomaji), kila kori ya prosesa inaivutia kwake.

Linux toleo la 4.7 mwaka 2016 walitoa i_mutex (myuteksi ya inode, yaani rekodi ya faili au folda) wakaweka i_rwsem (kufuli la aina ya rwlock), lukapu (kutafuta majina ya faili) za folda moja zikaanza kwenda sambamba, ila kule kila inode ina kufuli lake, sio moja la mfumo mzima kama lako. Gawa hilo kufuli lako kwanza.

Ila pima kwa perf (zana ya Linux ya kupima spidi) kabla hujagusa kitu. Na usije ukaandika chini ya kufuli la kusoma eti upate spidi, data zitaharibika kimya kimya, weka bakapu.