Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza kuhusu wale waigizaji

Mwanangu Rehema,

Huku nyumbani hatujambo. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Umesema chuoni kwenu huko Ujerumani mnasoma filamu za Ulaya za miaka ya 1970, zile zilizouza uchi wa wanawake, ukaniuliza: walitaka wenyewe au walitumiwa? Kisha ukaniomba radhi kwa kumuuliza mamako jambo kama hilo. Usione haya. Nimeshona maleba ya jukwaani miaka mingi, nimewavisha waigizaji na kuwavua, na nimeona jinsi kila mtu hujipa ruhusa juu ya mwili wa mwigizaji.

Mimi kwanza nauliza waliambiwa nini kabla kamera haijawashwa.

Maria Schneider alikuwa na miaka 19 alipoigiza na Marlon Brando katika Last Tango in Paris, iliyotoka 1972. Si filamu ya vichochoroni hiyo, ilisifiwa kuwa sanaa kubwa. Katika tukio la kubakwa, wazo la kutumia siagi Brando na mwongozaji Bernardo Bertolucci walilipanga asubuhi ile ile, bila yeye. Tendo lilikuwa la kuigiza, lakini mwaka 2007 Schneider alieleza kwamba machozi yalikuwa ya kweli. Alisema angepaswa kumpigia wakala au mwanasheria wake, maana mtu halazimishwi kufanya kisichomo kwenye mswada, ila wakati ule hakulijua hilo. Angelijulia wapi? Mwaka 2013 Bertolucci alikiri kwamba alitaka adhalilike kama msichana, si kama mwigizaji. Niliposoma hayo nilikasirika kana kwamba ni wewe umefanyiwa.

Sylvia Kristel, Mholanzi, alijua anaingia katika filamu ya namna gani. Emmanuelle ya 1974, iliyopigwa picha Thailand, ilijaza kumbi za Paris miaka na miaka. Lakini jina lile lilimganda. Alipofariki 2012, taarifa za msiba zilianza na filamu ile ile.

Waitalia walipoona fedha hizo wakatengeneza yao mwaka 1975, wakaondoa herufi moja ya m ili wasishtakiwe: Emanuelle nera, yaani Emanuelle mweusi. Hii inatuhusu, maana waliipigia picha Kenya. Na huyo "mweusi" ni Laura Gemser, mzaliwa wa Java aliyekulia Uholanzi! Kwao rangi yoyote isiyo ya Kizungu ilitosha kuitwa nyeusi, na nchi yetu ikawa pazia la nyuma, na wanyama, na joto. Mhusika wake ni mpiga picha wa magazeti, mwanamke mwenye kazi na safari zake. Lile ni jambo zuri, silikatai, na ukiandika usiliache. Ila kamera ilimtazama yeye kuliko alivyotazama yeye kwa kamera yake.

Gemser aliendelea na filamu za aina hiyo miaka mingi, nyingi akiongozwa na Joe D'Amato. Baadaye akaanza kubuni maleba ya filamu, wengine ndio wasimame mbele ya taa. Mumewe, Gabriele Tinti, mwigizaji mwenzake, alifariki 1991, naye akaachana na uigizaji.

Hapo ndipo ningependa unisaidie. Maktaba yenu ikiwa na picha za mavazi aliyobuni, zipige picha hata kwa simu unitumie. Nataka kuona aliwavisha vipi wenzake.

Mamako