Je, tunazidisha «x < 5», au tunazidisha pande zake?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa Lubumbashi. Hesabu nimeisoma kwa Kifaransa, na sasa ninawaandikia wadogo zangu, kwa Kiswahili, maelezo ya programu za kompyuta zinazofanya aljebra. Niliandika: «Zidisha x < 5 kwa a.» Mwenzangu alisema sentensi hiyo ina kasoro. Je, ni kweli? Tena, «inégalité» na «inéquation» zote ni «kutolingana»?

Jibu: Ndugu msomaji, mwenzako amesema kweli, ingawa sarufi yako haina kosa. Kitenzi «zidisha» hudai namba, au kitu kinachosimama mahali pa namba, kama 2x + 1. Lakini «x < 5» ni kauli nzima, yenye kiima na kiarifu, «x ni ndogo kuliko 5», nayo yaweza kuwa kweli au uongo. Programu zenyewe huizingatia tofauti hiyo. SymPy huihesabu x < 5 kuwa kauli ya kimantiki, hivyo ukiiandikia (x < 5) + 3 hukataa na kutoa ujumbe wa kosa. Mathematica haikatai, ila hukurudishia 3 + (x < 5) bila kujumlisha chochote. Ili hesabu ifanyike, Mathematica ina amri za AddSides na MultiplySides, zilizoongezwa mwaka 2018, ambazo hufanya kazi juu ya pande za kauli. Neno hilo, «pande», ndilo lililokosekana kwako. Andika: «Zidisha pande zote mbili za x < 5 kwa a.»

Hata hivyo sentensi hiyo, iliyo sahihi kwa lugha, bado haijatimia kwa hesabu, na hapa nakuomba uangalifu mkubwa zaidi. Ikiwa a ni chanya, tunapata ax < 5a. Ikiwa a ni hasi, tunapata ax > 5a. Na ikiwa a ni sifuri, kila upande unakuwa sifuri, wala 0 haiwezi kuwa ndogo kuliko 0. Programu isiyoambiwa lolote kuhusu a haina ruhusa ya kuchagua mojawapo, na ndiyo sababu MultiplySides hutoa jibu lenye masharti, mpaka uieleze kwamba a ni chanya au hasi. Maelezo yako nayo yabebe masharti hayo kwa neno «ikiwa», usiliache kwa kutaka ufupi.

Tena usiandike «alama inabadilika». Mtoto anayefundishwa hivyo aweza kudhani unasema juu ya alama ya kutoa iliyo mbele ya namba, akaibadilisha hiyo na kuiacha < ilivyokuwa. Andika «mwelekeo unageuka», kwa maana kinachogeuka ni kitu kilichokuwa kikitazama upande mmoja kikatazama wa pili, na ndivyo < inavyokuwa >.

Kuhusu maneno yale mawili ya Kifaransa, naona «kutolingana» latosha kwa yote mawili, mradi kitenzi kifanye kazi ya kutenganisha: kutolingana kusikotafutiwa x («inégalité») tunakuthibitisha, na kutolingana kunakotafutiwa x («inéquation») tunakutatua. «Ukosefu wa usawa» uuache, maana msomaji atafikiria mali na haki za watu.

Wadogo zako watasema «x iko kidogo kupita 5», kama isemwavyo mjini kwenu, na wakiwa wanazungumza usiwakatize, kwa kuwa maana imekamilika. Katika maandishi tumia «ndogo kuliko». Kwa alama ya ≤ nakushauri «x haizidi 5», kwani kauli hiyo huikubali 5 yenyewe, na pale ambapo 5 haimo, «x haifiki 5».