Zisizo na sumaku? Nani kasema?

Swali: Natafsiri kutoka Kiingereza muhtasari wa tasnifu yangu ya fizikia. Kichwa nimekiandika hivi: "Misisimko ya kisumaku na sumakuumeme katika nyenzo za ncha zisizo na sumaku." Msimamizi wangu anadai "misisimko" ni neno la mapenzi, niandike "michangamko". Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe. Mchangamko ni wa mtu aliyeamka vizuri. Mwili husisimka kwa baridi na kwa hofu pia: kitu kilikuwa kimetulia, kikaguswa, kikatetemeka. Ndivyo ilivyo ndani ya fuwele. Atomu moja, ambayo yenyewe ni kijisumaku, ikiyumba, jirani yake naye huyumba, na wimbi hupita safu nzima. Felix Bloch aliyaeleza mawimbi hayo mwaka 1930. Fungu moja la nishati yake tunaliita magnoni.

Sasa tuje kwenye uozo wenyewe, ambao msimamizi wako ameupita kana kwamba hauoni. "Zisizo na sumaku", eti ndiyo tafsiri ya "antiferromagnetic"! Mwanafizikia Louis Néel, aliyezichunguza maada za aina hiyo, hakupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa kuchunguza kitu ambacho hakipo. Katika maada hizo, atomu za chuma, kromiamu au manganizi zina usumaku wake kamili. Ila, kwa mpangilio ulio rahisi kabisa, moja imeelekea juu, ya pili chini, ya tatu juu, ya nne chini. Jumla yake ndiyo sifuri. Timu mbili zikivuta kamba kwa nguvu sawa, kamba haisogei. Je, wewe uliyesimama pembeni utatangaza kuwa hakuna anayevuta? Viangalie viganja vyao kwanza. Mwaka 1949 mwanafizikia Clifford Shull na mwenzake walielekeza nyutroni, chembe ndogo zinazouhisi usumaku wa atomu, kwenye oksidi ya manganizi iliyopozwa, na ule mpangilio wa juu-chini ukajitokeza bayana. Nyutroni hazikuambiwa kwamba maada ile "haina sumaku".

Chanzo cha maradhi haya ni hiyo "anti" ya mwanzoni, neno la Kigiriki lenye maana ya dhidi au mkabala. Watafsiri wetu wakilitia machoni tu, kalamu inaandika "isiyo na". Kwa kanuni hiyo, programu ya antivirasi ni programu isiyo na virusi, sifa ambayo hata kikokotoo kinayo. Antibodi nayo ingekuwa "isiyo na mwili", yaani jini. Bahati njema aliyetuundia "kingamwili" alikuwa macho.

Andika "sumaku pinzani". "Kinzani" ningeipenda zaidi, lakini ukinzani umeshachukuliwa na nyaya za umeme.

"Za ncha", yaani "polar", nayo inaniuma. Ncha ya nini, ya kisu au ya dunia? Unachokusudia ni kwamba ndani ya fuwele chaji chanya zimesogea upande mmoja na hasi upande wa pili. Basi sema "zenye ncha za umeme". Bismathi feriti ni ya aina hiyo, na sumaku zake pinzani hushika mpangilio hadi karibu nyuzi 370 za selisiasi.

Na hiyo "sumakuumeme" uliyoiweka mahali pa "magnetoelectric" ifute kabisa. Sumakuumeme ni mwanga na mawimbi ya redio. Wewe unazungumzia uga wa umeme, yaani eneo ambamo nguvu ya umeme inafanya kazi, kuubadili usumaku wa fuwele, na uga wa sumaku kuzisogeza chaji zake. Mwanafizikia Dzyaloshinskii alilitabiri jambo hilo kwa oksidi ya kromiamu mwaka 1959, na mwaka uliofuata mwenzake katika fani, Astrov, akalipima. Huo ni mfungamano wa sumaku na umeme. Ukikutana na elektromagnoni, yaani magnoni inayosisimuliwa na uga wa umeme wa mwanga badala ya uga wake wa sumaku, iache ilivyo, imeshapewa uraia.

"Nyenzo" kwangu bado ni gogo la kusukumia mzigo mzito, ila vita hiyo nilishashindwa zamani. Baki nayo.

Kwa hiyo: "Misisimko ya kisumaku na mfungamano wa sumaku na umeme katika nyenzo zenye ncha za umeme na sumaku pinzani." Kirefu, ndiyo. Cha Kiingereza nacho hakikuwa kifupi.