Kirusi au Kijerumani kwa mtoto wa Kipolandi?

SWALI: Mume wangu ni Mpolandi na tunaishi Wrocław, mji wa Poland. Binti yetu anaingia darasa la 7, na shule inamtaka achague lugha ya pili ya kigeni baada ya Kiingereza: Kijerumani au Kirusi. Bibi yake ameshikilia Kirusi, eti Mpolandi hukipata bila jasho. Ni kweli? – Mama Ania

JIBU: Mama Ania, ni kweli nusu. Bibi ni wa kizazi kilichosomeshwa Kirusi kwa lazima enzi za ukomunisti, hadi 1989. Anayezungumza Kipolandi hudaka maneno mengi ya Kirusi kwa kusikia tu, kwani zote mbili ni lugha ndugu, za jamii ya Kislavoni. Kukisema sawasawa ni habari nyingine.

Kwanza alfabeti. Herufi ni 33, na zinazosumbua si zile ngeni, ni zinazofanana na za Kipolandi: В husomwa v, Н ni n, Р ni r, С ni s. Pili mkazo. Kipolandi, kama Kiswahili, huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; Kirusi huuhamisha ovyo, na o isiyo na mkazo hugeuka a. Maziwa huandikwa "moloko", hutamkwa "malako". Basi kila neno jipya aliandike na alama ya mkazo tangu siku ya kwanza, la sivyo kosa litaota mizizi. Tena asiamini kila neno analolitambua: "zapomnieć" kwa Kipolandi ni kusahau, ilhali "zapomnit" ya Kirusi ni kukumbuka!

Kwa faida, hapo Wrocław tungechagua Kijerumani. Ujerumani ndiyo mshirika mkuu wa biashara wa Poland, na mpaka wake hauko mbali nanyi. Biashara na Urusi imebanwa na vikwazo vya Umoja wa Ulaya, hasa tangu uvamizi wa Ukraine wa Februari 2022. Kirusi bado kinafaa Kazakhstan na Kirgizia, na Waukraine wengi walioko Poland wanakijua. Ila asimwanze Muukraine kwa Kirusi kabla ya kumwuliza. Wapo wasiotaka tena kukisikia.

Akikipenda Kirusi kwa dhati, mwacheni. Vipindi 2 kwa wiki havimfikishi mbali, kwa hiyo aongeze kusikiliza nyumbani dakika chache kila siku. Muda huo usikatwe kwenye Kiingereza, maana ndicho atakachofanyia mtihani wa darasa la 8.