Boriti, bimu au mhimili? Na linta ni ipi?

SWALI: Naandika makubaliano ya ujenzi wa nyumba yangu. Fundi anasema "bimu", kamusi inasema "boriti", na kwingine nimekuta "mhimili". Tena fundi ameandika "kufunga linta" bila kutaja mlango wala dirisha. Niandikeje?

JIBU: Andika boriti ya zege. Neno hili la pwani limeifanya kazi hiyo tangu zamani: boriti ni mti wa mkoko, mnene kuliko pau, unaolazwa juu ya kuta kubeba sakafu ya ghorofa. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ulifuata urefu wa boriti zilizopatikana. Mti umekuwa zege na nondo, lakini bado hulala na kubeba. Nguzo husimama.

Bimu si kosa, ni neno la saiti. Litaje mara moja ili fundi asipotee. Mhimili uache. Umetokana na kuhimili, kwa hiyo nguzo nayo ni mhimili, ukuta unaobeba paa ni mhimili, hata Bunge ni mhimili wa dola. Ni neno pana mno kwa karatasi ya kununulia nondo.

Linta ndiyo itakayokugharimu. Kihandisi ni boriti fupi juu ya mlango au dirisha, iliyoingia ukutani walau sentimita 15 kila upande. Lakini mafundi wengi wa Tanzania wakisema nyumba "imefika linta" (wengine hutamka lenta au renta), wanakusudia mkanda wa zege unaozunguka kuta zote. Piga hesabu: nyumba ya mita 10 kwa 8 ina kuta za nje za mita 36. Mkanda wa nondo nne zilizolazwa sambamba unahitaji mita 144, yaani nondo 12 za mita 12, kabla ya mapishano (pale nondo mbili zinapounganishwa kwa kulaliana) na kuta za ndani. Linta nane za mita 1.5, nazo zenye nondo nne sambamba kila moja, zinahitaji nondo 4 tu za mita 12. Ukinunua hizo nne na fundi akazizungusha nyumba nzima, mkanda utabaki na nondo moja, na ukuta ukititia utapasuka.

Basi andika: "mkanda wa zege juu ya kuta zote, za nje na za ndani", kisha idadi na unene wa nondo na nafasi ya ringi (vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo pamoja) kama mchoro unavyosema. Kama ni linta, taja kila tundu la mlango au dirisha na upana wake.

Boriti na linta ni ngeli ya I-ZI: boriti hii, boriti hizi, bila "ma-".